Ile ya mzee wa choo: kwa nini wahakiki waliisifu Piku

Ukimtajia mtu filamu ya Piku, jibu la kwanza huwa, "Aa, ile ya mzee wa choo?" Kisha hufuata swali lenye mshangao wa kweli: imekuwaje picha la Kihindi lisilo na ngumi wala adui, ambalo mzee wa miaka 70 analalamika mwanzo hadi mwisho kwamba tumbo limefunga, likabeba tuzo za taifa za India? Mei 2025 filamu hiyo ilirudishwa kwenye majumba ya sinema ya India kutimiza miaka 10 tangu itoke, na mjadala ukafufuka. Wapo walioitazama kwa mara ya kwanza kwa sababu ya sifa walizozisikia, wakamaliza wakiuliza: mbona hakuna kilichotokea?

Swali ni la haki. Tatizo ni kwamba limefunga maswali kadhaa kwa kamba moja, kama mzigo wa kuni. Filamu nzuri ni ipi? Wahakiki wanapima nini? Nyota na asilimia zinasema nini? Filamu ikiingiza fedha nyingi, ndiyo imesifiwa? Na tuzo hutolewa na nani? Ukiyajibu yote kwa pumzi moja utachanganyikiwa, kwa hiyo nitafungua mzigo huu kuni moja moja, na Piku ndiyo itakuwa mfano wangu tangu mwanzo mpaka mwisho.

Tuanze na maneno. Mitaani mtu anayeandika kuhusu filamu tunamwita mkosoaji, na jina hilo limeharibu mengi, maana kukosoa ni kutafuta kosa. Jina linalomstahili ni mhakiki. Kuhakiki ni kupima jambo mpaka ukweli wake ujulikane, na ukilisikiliza neno lenyewe utasikia haki na hakika ndani yake. Mhakiki anakaa gizani kama wewe, anaitazama picha, halafu anakueleza picha hiyo ilikusudia kufanya nini, imefika wapi, imekwama wapi, na anakutolea ushahidi kutoka kwenye picha yenyewe. Tathmini zote hizo za magazetini, kwenye runinga na mtandaoni ukizikusanya pamoja, ndiyo mapokezi ya wahakiki. Mapokezi ya watazamaji ni kitu kingine. Mapato ni kitu cha tatu, tuzo ni cha nne. Vyote vinne vinaweza kwenda njia moja, na vinaweza kuachana kabisa.

Neno la pili ni kichekesho. Wengi wetu tukiambiwa filamu ni ya kuchekesha tunasubiri mtu ateleze kwenye ganda la ndizi au apigwe kofi la ghafla. Kuna kichekesho cha namna nyingine, cha vituko. Humo watu ni wa kawaida, wanaishi kwenye nyumba ya kawaida, ila kila mmoja ana tabia iliyopinda kidogo, na hakuna anayejua kwamba anachekesha. Kila mtu anamaanisha anachosema. Cheko linatoka kwako wewe unayetazama, kwa sababu umemtambua mtu wa nyumbani kwenu.

Piku ni ya aina hiyo. Ilitoka tarehe 8 Mei 2015. Mwongozaji ni Shoojit Sircar, na mswada uliandikwa na Juhi Chaturvedi, mwanamke aliyetokea kwenye kazi ya matangazo ya biashara. Wawili hao walikuwa wamekwisha kufanya pamoja Vicky Donor mwaka 2012, kichekesho kuhusu kijana anayetoa mbegu zake za kiume hospitalini ili wasio na watoto wapate. Utaona wana mazoea ya kuchukua jambo ambalo watu hulizungumza kwa kunong'ona na kuliweka mezani mbele ya familia nzima.

Hadithi yenyewe unaweza kuisimulia ukiwa unasubiri daladala ijae. Piku Banerjee, aliyeigizwa na Deepika Padukone, ni msanifu majengo anayeishi Delhi, kwenye mtaa wa Wabengali, yaani watu wa asili ya Bengali, upande wa Kolkata, uitwao Chittaranjan Park. Anaishi na baba yake mjane, Bhashkor, ambaye ni Amitabh Bachchan. Mzee ana hofu ya magonjwa isiyokwisha. Anajipima joto, anajipima presha, anakunywa vidonge vyake vya homiopathi, ile tiba mbadala, na juu ya yote anafuatilia choo chake kama mkulima anavyofuatilia mvua. Anataka kwenda Kolkata, kwenye nyumba ya ukoo ambayo Piku anafikiria kuiuza. Madereva wa kampuni ya teksi wanamkimbia Piku kwa ukali wake, kwa hiyo mwenye kampuni, Rana Chaudhary, aliyeigizwa na Irrfan Khan, anashika usukani mwenyewe. Wanasafiri kwa gari, na juu ya gari kimefungwa kiti cha choo cha mzee. Wanapita Varanasi, wanafika Kolkata. Mzee anafariki. Basi.

Sasa, kwa nini wahakiki wengi walisimama upande wa filamu hii?

Watu wengi hukwama hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tumezoea kuuliza "kilitokea nini?" na kuhesabu matukio: ajali, usaliti, harusi iliyovunjika, ndugu waliopotezana utotoni. Mhakiki anauliza pia swali lingine: kati ya watu hawa kumebadilika nini, na nimekionaje kikibadilika? Kwa kipimo hicho Piku imejaa matukio. Kuna mahali Piku ametoka kwenda kula chakula cha usiku na mwanamume anayemtazamia, simu ikaita, na binti akaanza kujadili hali ya choo cha baba yake pale pale mezani, kwa sauti ile ile unayoagizia chakula. Hakuna mlipuko uliotokea. Lakini kwa dakika ile umejua kila kitu: huyu msichana hana mpaka kati ya maisha yake na ya baba yake, amezoea hivyo kiasi kwamba haoni tena kama mpaka ungepaswa kuwepo, na mwanamume aliyekaa mbele yake hatadumu.

Au tazama karamu ambapo mwanamume anaonyesha kuvutiwa na Piku, na mzee mwenyewe anamwendea kumweleza kwamba binti yake anajitegemea kwa fedha, anajitegemea hata kwa mambo ya kitandani, na kwamba hana haja ya mume. Baba gani anasema hivyo? Mtu wa kawaida huona ni utani wa aibu. Mhakiki aliye makini anaona mambo mawili yamepishana. Mzee anaongea kama mtetezi wa uhuru wa wanawake, na kwa kweli anaamini anayoyasema. Papo hapo anafukuza kila mtu anayeweza kumwondoa binti nyumbani, kwa sababu akiondoka nani atamsikiliza habari za tumbo? Mapenzi na ubinafsi vimetoka kwenye kinywa kimoja, kwenye sentensi ile ile. Kuandika hivyo ni kazi ngumu, na ndiyo sababu jina la Juhi Chaturvedi lilitajwa kwenye tathmini nyingi sawa na majina ya waigizaji, jambo ambalo huwatokea waandishi wachache sana wa filamu za Kihindi.

Mimi filamu hii ilinikamata kwa sababu ya daftari. Mama yangu mkubwa kule Tanga alimuuguza babu kwa miaka 3, na alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa 48 lenye jalada la kijani, ambamo aliandika kila siku: amekula nini, amelala saa ngapi, amepata choo au hakupata. Siku ambazo hakupata, aliweka alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu. Babu naye alilidai daftari hilo kila asubuhi alikague kama mkuu wa shule. Waligombana juu ya mistari ile mpaka majirani wakasikia. Mapapai, maji ya ukwaju, sanamaki, kila jirani na dawa yake. Nilipomwona Bhashkor na binti yake sikuhitaji mtu kunieleza kwamba mazungumzo ya choo ndiyo lugha ambayo watu wale wawili walikuwa wakiambiana kwamba wanapendana. Mama mkubwa alilitunza daftari lile miaka mingi baada ya babu kuzikwa.

Hilo ndilo wahakiki walilokuwa wakilisema waliposifu ukweli wa filamu. Hawakumaanisha kwamba habari ile ilitokea. Walimaanisha kwamba familia ile inabishana kama familia zinavyobishana, watu watatu wakiongea kwa mkupuo, kila mmoja akijibu swali la jana. Kuna lugha pia ndani yake. Jina la mzee kwa Kihindi lingekuwa Bhaskar, lakini Wabengali hutamka Bhashkor, na filamu imeliacha hivyo. Ni kama Mpemba aliyehamia Dar es Salaam miaka 40 iliyopita ambaye bado akifungua kinywa unajua katokea wapi. Mtazamaji wa India anazisikia Delhi na Kolkata zikigongana kila mzee anapoongea. Sisi tunaosoma maandishi chini ya kioo tunapoteza sehemu hiyo, na kwa kichekesho kinachotegemea maneno, sehemu hiyo ni kubwa. Ukiona umecheka kidogo kuliko Mhindi wa kiti cha jirani, akili yako haina kasoro yoyote.

Kuna na jambo la Amitabh mwenyewe. Waliokuwa wakipanga foleni Majestic ya Unguja au Avalon ya Dar es Salaam, na watoto wao waliomfuata kwenye kanda za video, wanamjua Amitabh wa Sholay na Deewaar, zote za mwaka 1975, na wa Coolie ya mwaka 1983. Huyo ni steringi kamili: mrefu, mwenye hasira, anayepigana na watu kumi. Ukienda kumtafuta huyo ndani ya Piku, utatoka umeibiwa. Lakini India walikuwa na Amitabh wa pili kwa wakati ule ule, yule wa filamu za Hrishikesh Mukherjee: Anand ya mwaka 1971, Chupke Chupke ya mwaka 1975. Mukherjee na Basu Chatterjee walitengeneza sinema iliyokaa katikati, kati ya picha kubwa za ngoma na ngumi na zile filamu za kisanii zinazotazamwa na wachache. Zilikuwa filamu za nyumba za watu wa kipato cha kati, mabishano ya sebuleni na vituko vya majirani. Ndani ya Anand, Amitabh aliitwa Daktari Bhaskar Banerjee. Ndani ya Piku anaitwa Bhashkor Banerjee. Kwa mhakiki wa India, jina hilo ni mlango ulioachwa wazi makusudi: filamu inamwambia isiwekwe kundi la Coolie, iwekwe kundi la Anand. Akiipima, anaipimia huko. Ndiyo maana wewe na yeye mnaweza kuitazama picha ileile, mkatoka na hukumu mbili, na wote mkawa wakweli. Mmepima kwa mizani tofauti.

Upande wa malalamiko nao upo, na ni vibaya kuuficha. Hata waliosifu walisema hadithi ni nyembamba, na kwamba wakishafika Kolkata mwendo unapungua. Nakubaliana nao kwa sehemu. Ile habari ya kuiuza nyumba ya ukoo inaingia kwa haraka na kutatuliwa kwa haraka, Rana akitoa ushauri ambao Piku angeupata kwa mtu yeyote. Mapenzi ya Piku na Rana nayo yanaelezwa kwa macho zaidi kuliko kwa maneno, na mtu aliyekuja kutafuta mapenzi ya wimbo kwenye mvua ataona amenyimwa. Nyimbo za Anupam Roy zinapita nyuma ya gari linalotembea, hakuna anayecheza. Kwangu hilo ni sifa. Kwa mwenzangu aliyekulia kwenye ngoma za Bollywood ni upungufu, na simlaumu.

Tuje kwenye namba, maana ndipo mkanganyiko ulipo mkubwa zaidi.

Nyota ni alama aliyotoa mtu mmoja. Nyota 3 kati ya 5 za mhakiki mkali zinaweza kuwa sifa kubwa kuliko nyota 4 za mhakiki anayegawa nyota kama pipi za Idi. Kwa hiyo nyota bila jina la aliyezitoa hazina maana. Mfuate mhakiki mmoja kwenye filamu 5 ulizokwisha kuziona, ujue anapenda nini na anachukia nini, ndipo nyota zake zitakusaidia. Hata ukigundua kwamba kila anachokipenda wewe hukipendi, umeshapata dira.

Asilimia ni kitu kingine, na hapa karibu kila mtu hukosea. Tovuti ya Rotten Tomatoes haitoi alama za mtihani. Inakusanya tathmini, inaigawa kila moja upande wa "ameipenda" au "hakuipenda", kisha inakuambia walioipenda ni wangapi katika kila 100. Fikiria shughuli ya harusi. Unawauliza wageni 10: pilau inalika? Wote 10 wanasema inalika. Umepata asilimia 100, ingawa kila mmoja moyoni ameipa pilau hiyo alama 6 tu kati ya 10. Kwenye harusi ya pili, wageni 6 wanasema hawajawahi kula pilau kama hii tangu wazaliwe, na 4 wanaisukuma sahani kwa sababu ya wingi wa bizari. Umepata asilimia 60. Pilau ipi ni bora? Asilimia haiwezi kukujibu. Inakuambia tu jinsi watu walivyokubaliana. Filamu za kifamilia zenye upole hupata asilimia kubwa kirahisi kuliko filamu za kuthubutu, kwa sababu ni vigumu kuzichukia. Piku ilipata sifa pana za namna hiyo, na mtu anayetaka kujua kina cha sifa hizo hana budi kusoma tathmini zenyewe.

Halafu kuna alama za watazamaji, kama zile za IMDb, ambapo yeyote aliyejisajili anapiga kura ya 1 hadi 10. Hizo ni sauti za umma, zina thamani yake, lakini mashabiki wa msanii wanaweza kuzipandisha na wapinzani wake wakazishusha bila hata kuitazama filamu.

Fedha sasa. Utasikia India wakisema filamu imeingia kundi la crore 100. Lakh yao ni laki yetu, neno moja lililovuka bahari, na crore ni laki 100, yaani milioni 10. Crore 100 ni rupia bilioni 1. Piku ilivuka kiwango hicho kwa mauzo ya tiketi duniani kote, na kwa filamu isiyo na wimbo wa kucheza hayo ni mapato ya kujivunia. Lakini kumbuka hayo ni mauzo ya mlangoni. Kodi inakatwa hapo, wenye majumba wanachukua fungu lao, msambazaji la kwake.

Neno "hiti" nalo halitegemei ukubwa wa mauzo peke yake. Mchuuzi wa samaki aliyetoka nyumbani na mtaji wa shilingi 20,000 akarudi na 60,000 ana siku njema. Tajiri aliyeweka 1,000,000 akarudi na 800,000 amepata hasara, ingawa ameuza zaidi ya mchuuzi mara kumi na zaidi. Ndivyo ilivyo kwa filamu. Wiki moja tu baada ya Piku, tarehe 15 Mei 2015, ilitoka Bombay Velvet ya Anurag Kashyap, yenye Ranbir Kapoor na Anushka Sharma, iliyojengewa mitaa ya zamani ya Bombay kwa gharama kubwa mno. Wahakiki wengi hawakuipenda, watu hawakwenda, fedha ikapotea. Gari moja, kiti kimoja cha choo na waigizaji watatu waliojua kazi vilikuwa vimeshashinda mbio.

Mfano huo unavunja dhana mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba wahakiki hupenda tu vitu ambavyo umma hauvitaki; Piku waliipenda wote. Ya pili ni kwamba majina makubwa na fedha nyingi hununua sifa. Najua mtu atasema, "Lakini wapo wanaolipwa." Sitasema haitokei, na kwenye enzi hii ya watu wenye wafuasi wengi mtandaoni hofu hiyo ina msingi. Namna ya kujilinda ni rahisi. Soma tathmini ujiulize kama mwandishi angeweza kuiandika bila kuitazama filamu. Akijaza "kazi nzuri sana", "lazima uitazame", "waigizaji wamefanya makubwa", hakuna ushahidi hapo. Mhakiki wa kweli atakutajia kwamba Rana alichora kwenye karatasi mfano wa tumbo na namna ya kuchuchumaa ili kumweleza mzee kwa nini choo cha kuchuchumaa kinasaidia kuliko cha kukalia, na kwamba Irrfan Khan aliifanya kazi hiyo kwa utulivu wa mwalimu wa sayansi, bila kutafuta cheko. Mtu anayekutajia hayo alikuwepo.

Zimebaki tuzo. Watu husema "Piku ilishinda" kana kwamba kuna mshindi mmoja. Tuzo za Taifa za Filamu hutolewa na serikali ya India kupitia jopo la waamuzi. Kwa filamu za mwaka 2015, Amitabh alipata ya mwigizaji bora wa kiume, na Juhi Chaturvedi alitambuliwa kwa mswada na kwa mazungumzo, akigawana tuzo hizo na Himanshu Sharma, mwandishi wa filamu ya Tanu Weds Manu Returns. Tuzo ya filamu bora ya lugha ya Kihindi ilikwenda kwa Dum Laga Ke Haisha, kichekesho kingine cha kifamilia, jambo linaloonyesha mwaka ule ulivyokuwa mzuri kwa aina hii.

Filmfare ni tuzo za jarida, na zina kitu ambacho kingetusaidia wengi kuelewa mada nzima: zina filamu bora, na zina filamu bora kwa uamuzi wa wahakiki. Mwaka ule filamu bora ilikuwa Bajirao Mastani, picha la kifalme lenye majumba, vita na mavazi mazito. Filamu bora ya wahakiki ilikuwa Piku. Upande wa waigizaji ikawa vivyo hivyo: Ranveer Singh akachukua ya kwanza kwa Bajirao Mastani, Amitabh akachukua ya wahakiki kwa Piku. Deepika yeye alishinda tuzo kuu ya mwigizaji bora wa kike kwa Piku, wakati alikuwemo pia ndani ya Bajirao Mastani akipanda farasi na kupigana kwa upanga. Waamuzi walikuwa na malkia wa vita na binti anayegombana na baba yake juu ya dawa, ndani ya mwigizaji mmoja, mwaka mmoja, wakamchagua wa pili.

Uchaguzi huo unanirudisha kwa rafiki yangu mmoja aliyeniuliza, baada ya kuitazama, swali ambalo nadhani ndilo la msingi kuliko yote. Alisema: steringi hafi, hiyo ni sheria ya picha la Kihindi, sasa mbona huyu amekufa? Nikamuuliza steringi ni nani. Akasema Amitabh, nani mwingine?

Lakini filamu imebeba jina la binti. Kolkata, mzee anachukua baiskeli peke yake na kuzunguka mji wa ujana wake, anakula vyakula vya barabarani alivyojinyima kwa miaka, huku nyumbani wakihangaika kumtafuta. Anarudi amechoka na furaha. Anapata choo kizuri ambacho amekisubiri filamu nzima, analala, na asubuhi haamki. Wako wanaoona mwisho huo umepangika mno. Mimi nilipoutazama mara ya pili nilikuwa namtazama Piku. Halii kwa kujigaragaza kama tulivyozoea kuona. Anaongea juu ya baba yake kwa sauti ile ile ya kila siku, kana kwamba mzee yuko chumba cha pili na atadakia muda wowote. Kisha anarudi Delhi, mfanyakazi wa nyumbani aliyekuwa amekimbia kelele za mzee anarudi kazini, na uani, mahali ambapo siku zote kulikuwa na mabishano, Piku na Rana wanacheza badminton.

Rafiki yangu alikaa kimya kidogo. Kisha akaniomba nimtumie ile sehemu ya baiskeli aitazame tena.